Saladi ya Februari

Helikopta imetua baada ya siku kumi na moja za dhoruba.
Dukani kwa Jørgen zimeshushwa barua, betri,
dawa za mama yangu,
na vichwa sita vya saladi kwa nyumba arobaini.

Nimekipata cha tano.
Bei yake ni ujira wa asubuhi nzima
ya kupasua samaki kiwandani. Nimelipa, sikuuliza.

Sasa kazi.
Toka dukani hadi kwetu ni hatua mia tatu,
na baridi ya huku haina subira:
jani likiguswa na upepo hugeuka kioo,
na kioo hicho kikiyeyuka ni uji.
Nimekitia ndani ya anoraki, juu ya kitovu,
nimefunga zipu mpaka kidevuni,
nikatembea kama mja mzito kwenye utelezi.
Mbwa wa Aqqaluk wamenyanyua pua.
Mkewe akachungulia dirishani: "Mtoto wa nani huyo?"
"Wa helikopta," nimemjibu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Lakini huyu hana mikono,
na ardhi ya kwetu ni jiwe tupu.
Nataka akae siku kumi.

Kibarazani ataganda. Karibu na jiko atanyauka.
Friji ndiyo nchi pekee yenye hali yake,
nayo ina mpaka wake hatari, ule ukuta wa nyuma,
ulionilia matango mwaka jana.
Siioshi saladi. Maji ni rafiki wa mzizi;
jani lililokwisha kukatwa huyanywa kwa kuoza.
Nang'oa la nje lenye doa, nafuta unyevu
polepole, kama mtu anayefuta miwani ya mwenzake,
naivika foronya ya pamba iliyokuwa ya baba,
naiweka kwenye boksi, kifuniko nusu wazi.
Matufaha nayahamishia chumba kingine.
Tufaha hupumua, na pumzi yake humzeesha jirani.
Wako na watu wa namna hiyo.
Niliishi na mmoja miaka minne, kule Nuuk.

Mama ananitazama kutoka kitandani.
"Majani ni ya sungura," anasema.
"Sisi tunamla sungura.
Basi majani tumeshakula."

Kila jioni mawili, ya nje kwanza.
Siku ya nne nimebadili foronya, imelowa jasho la kijani.
Siku ya sita nimekatalia ugeni wa shangazi,
Mungu anisamehe, nimesema yameisha.
Siku ya tisa nimefungua boksi na yamelala yote,
malegevu kama shuka la mgonjwa.

Nimekata kitako chake, unene wa kucha.
Nimeleta beseni. Kaka yangu alikuwa amevunja barafu
ya mlima ule uliokwama mlangoni mwa ghuba,
barafu yenye umri usiohesabika kwa vidole vya ukoo wetu.
Nimeiyeyusha nusu, nusu nimeiacha ielee,
nikayazamisha majani humo.
Barafu ya kale haiyeyuki kimya.
Hutoa hewa iliyofungiwa, tik, tik, tik,
kama mtu anayekumbuka kitu kidogo kidogo.

Mama akasikia. Akateremsha miguu,
yeye ambaye tangu Jumapili hakuinuka,
akaja na kiti chake akakaa penye beseni.
Hatukusema. Taa ilikuwa imewashwa, ingawa ni adhuhuri.
Baada ya nusu saa jani la kwanza lilinyoosha shingo.
Halafu la pili, kwa kishindo ambacho si kishindo.

Akachukua moja. Akalikung'uta mara tatu.
Akaweka juu yake kipande cha samaki mkavu,
na mafuta ya sili, kiasi cha ukucha,
akalikunja kama bahasha.
Nilisikia likivunjika mdomoni mwake.

"Ina ladha ya maji," akasema.
Kisha akanyoosha mkono tena.

Yamebaki matatu. Nimeyafunga.
Redio inasema upepo mpaka Jumanne.